Mkono wa Shoto Ukutani

Picha ilipokuwa na rangi, ukuta ulikuwa laini kama shavu la mtu aliyenyoa asubuhi hiyo. Mama Kidoti alipoitoa rangi, ukuta ukaota mikwaruzo.

Mwanzoni hakushtuka, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Alikuwa mpiga picha wa majengo, mwaka wa kumi na moja sasa, na wateja wake aliwaambia siku zote kwamba rangi ni porojo tupu: humshika mtu jicho akasahau kuutazama ukuta. Ukitaka kuona tofali limeliwa wapi na chumvi, mbao imepasuka wapi, lipu imebanduka wapi, piga picha asubuhi jua likiwa limelala ubavu, kisha itoe rangi yote, ibaki nyeusi na nyeupe. Msanifu mmoja wa majengo alikuwa amemwagiza picha arobaini za namna hiyo, za kiwanda cha sabuni kilichofungwa kabla yeye hajazaliwa. Kilikuwa kinabomolewa mwezi ujao, na Msanifu alitaka kibaki walau kitabuni.

Basi saa nne asubuhi alikuwa mbele ya kompyuta, chai pembeni, picha ya kumi na saba kwenye kioo: ukuta wa njano wa chumba walichokuwa wakikatia sabuni. Akaitoa rangi. Akapunguza mwanga wa ile iliyokuwa njano ili ukuta uingie giza kidogo, akavikoleza vivuli. Na pale palipokuwa patupu zikajitokeza pinde, moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki, alama za ubao wa kusawazishia lipu. Zote zilikuwa zimelalia kushoto.

Akakiacha kipanya, akasogeza uso karibu na kioo.

Mafundi karibu wote hupiga lipu kwa mkono wa kulia. Mama Kidoti alimjua mmoja tu aliyepiga kwa kushoto, akianzia chini usawa wa goti, akipanda kwa mzunguko mpana, akimalizia juu kwa kamkato kadogo, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Wenzake walimwita Shoto. Alikuwa mume wake. Miezi saba iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya nne, na walipomfikia chini mwiko ulikuwa bado mkononi.

Akairudisha rangi. Ukuta laini. Akaitoa tena. Pinde zile zile, na kale kamkato.

Shoto hakuwahi kutia mguu kwenye kiwanda kile. Mtu mwingine angeifuta picha na kwenda kunawa uso. Mama Kidoti aliikuza mpaka pinde zikajaa kioo kizima, akaweka kiganja juu yake, akazifuata taratibu kutoka chini kwenda juu, na machozi yakamtoka bila sauti.

Kesho yake alirudi kiwandani. Mlinzi wa getini, mzee wa mzaha mwingi, alikuwa akichokoa meno kwa njiti.

"Mama, jana si ulimaliza? Au umenipenda?"

"Kuna ukuta mmoja umenishinda, mzee wangu."

"Upi huo?"

"Ule wa njano, chumba cha ndani."

Mzee akaacha kuchokoa meno. "Ule," alisema akiangalia pembeni, "mimi siufagilii chini yake. Una unyevu mwaka mzima, na paa halivuji. Piga picha yako haraka utoke."

Hakutoka haraka. Chumba kilinuka chokaa mbichi, harufu ile ile iliyokuwa ikiingia na mume wake kila jioni kabla hajavua viatu. Ukuta ulikuwa wa baridi kama mtungi. Kwa macho haukuwa na kitu, lakini alipoupapasa, vidole vyake vilipanda na kushuka, vikapanda na kushuka. Akaegemeza paji la uso.

"Shoto," alinong'ona. "Ni wewe?"

Nyuma ya ukuta ambako hakukuwa na chumba kingine, kikasikika kitu kikikwaruza polepole, *kwaruu... kwaruu...*, na mwisho wake *tik*, mlio wa mwiko kugongwa kwenye ukingo wa ndoo.

Hapo ndipo angekimbia. Badala yake alitabasamu, mara ya kwanza baada ya miezi saba, akakaa chini mchangani akasikiliza mpaka mlinzi alipokuja kumwita.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake wa miaka sita ambaye wote walimwita Kidoti, na mama mkwe wake. Bibi yule macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini masikio na pua havikuwa na hitilafu. Kidoti alimwita mke mwenzangu, na kutwa nzima walikuwa wakigombana kwa utani nani kampikia nani vibaya.

Mama Kidoti alipoingia na begi lake la kamera, bibi aliinua kichwa.

"Umekuja na nani, mwanangu?"

"Peke yangu, Mama."

"Nanusa chokaa mbichi."

"Natoka kiwandani, ndiyo maana."

"Aaa," alisema bibi, lakini pua yake ilifuata kitu fulani kilichopita kati yao, kikaenda zake hadi chumba cha Kidoti.

Chumba hicho Shoto alikipiga lipu mwenyewe, wiki ile Kidoti alipozaliwa. Ndicho kitu pekee cha mkono wake kilichobaki ndani ya nyumba. Siku ya tatu, saa nane mchana, vyombo vimeoshwa na jua limekaza bati, sauti ikaanza humo ndani. *Kwaruu. Kwaruu. Tik.*

Bibi alikuwa sebuleni akichambua mchele kwa vidole. Akaacha.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Mwanangu amerudi kazini," alisema, na uso wake mzima ukafunguka kama wa msichana. "Nilisema mimi. Walinipeleka makaburini wakanishikisha udongo, nikawaambia, mimi macho sina, nitajuaje mliyemweka humo ni wangu?"

Mama Kidoti hakumbishia. Hilo ndilo alilokuja kujuta kuliko yote. Alikwenda akakaa sakafuni kwenye mlango wa chumba, mgongo kwenye fremu, macho kayafumba, na kila mchana baada ya hapo alikaa pale pale kama mtu aliyefungulia redio kipindi chake. Ndani hapakuwa na mtu. Kitanda, begi la shule, mdoli mwenye jicho moja. Lakini sauti ilizunguka kuta zote nne, na chumba kilipoa, na mara nyingine, akivuta pumzi sana, alisikia hata jasho la mume wake.

Dalili alizipata, akazifumbia macho. Ufagio, ambao siku zote ulipita kati ya kitanda na ukuta, siku moja haukupita. Fimbo ya pazia ikawa ndefu kuliko dirisha. Msumari wa kutundikia begi la Kidoti, aliougongelea mwenyewe ukatokeza urefu wa kidole, ulibaki kichwa tu, umemezwa na lipu iliyokuwa safi, kavu, yenye rangi ile ile. Alitazama kile kichwa cha msumari kwa muda mrefu. Kisha akalitundika begi mlangoni.

Kidoti naye alianza kunyamaza. Utani na bibi yake ukakatika. Ngozi ya mikono yake ikapauka na kukwaruza, na mafuta aliyopakwa asubuhi yalinywewa kabla hajafika shuleni.

"Unaumwa, mama?" Mama Kidoti alimuuliza akimvisha soksi.

"Siumwi."

"Mbona uko hivi?"

Mtoto alitazama kwanza mlango wa chumba chake, kisha akamsogelea mama sikioni. "Baba ananipima."

"Anakupima nini?"

"Ananipima kama niko wima. Anasema nisimame pembeni, nisitikisike, mpaka nikauke."

Mama Kidoti aliiacha soksi ikiwa nusu mguuni. Shoto, alipokuwa hai, hakuwa mtu wa kumwambia mwanawe asitikisike. Ndiye aliyemfundisha kuruka kitanda. Akamshika mtoto mabega. "Leo usiingie humo. Umenisikia? Ukitoka shule, kaa na bibi sebuleni."

"Bibi ndiye huniambia niende kumsalimia Baba," alisema Kidoti.

Mchana ule Mama Kidoti, aliyekuwa amejiapiza kurudi kabla ya saa nane, alikuwa kwa Msanifu akikabidhi picha thelathini na tisa, bila ile ya kumi na saba, na Msanifu alizisifia, akazigeuza moja moja dirishani akisema ona huu ukuta, mtu unaweza kuushika, lakini yeye hakusikia neno, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane kasoro, hata akaacha mazungumzo katikati, akaacha mwavuli wake, akatoka mbio, akapita sokoni, akapita nyuma ya karakana za mafundi seremala, akafika mlangoni akiwa hana pumzi na kukuta nyumba nzima imejaa harufu ya chokaa mbichi, nzito kiasi cha kuwasha macho, na bibi amekaa kwenye kiti chake sebuleni akitabasamu, mikono mapajani, akisema kwa sauti ya chini, "Taratibu, mwanangu, usimsumbue, leo anamalizia," na kutoka chumbani hakukusikika tena kwaruu wala tik, bali kiganja kikilainisha, kikilainisha, kikilainisha.

Alisukuma mlango. Ulifunguka nusu tu. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa umeukaribia. Dirisha lilibaki ufa wa kupitisha mkono. Pembeni kabisa, mgongo ukutani, alisimama Kidoti na sare zake za shule, macho wazi, kijivu kuanzia miguuni hadi kifuani, na pale ambapo visigino vyake vilipaswa kuishia na ukuta kuanza, hapakuwa na mwisho wala mwanzo.

"Kidoti!"

Macho ya mtoto yalisogea. Mdomo haukusogea.

Baadaye Mama Kidoti hakukumbuka alipitaje kwenye ule mlango. Alikumbuka tu kwamba alipomkumbatia mwanawe akavuta, kitu nacho kilivuta kutoka ndani ya ukuta, kwa nguvu zisizo na hasira, nguvu za mtu mwenye kazi asiyetaka kazi yake iharibiwe. Na sauti ikasema kwenye shingo yake, sauti ya Shoto kabisa, yenye ile mikwaruzo ya vumbi: "Mama Kidoti, mwache. Akikauka hatapotea tena."

Alipiga kelele. Akaweka mguu ukutani, akavuta mara ya pili. Lipu ikapasuka kwa mlio wa kata ya maji inayovunjika, wakaanguka wote wawili kwenye kitanda, na Kidoti akakohoa vumbi jeupe, akalia. Kilio hicho kilikuwa kitamu kuliko chochote alichowahi kusikia.

Alimbeba nje hadi uani, akammwagia maji, akamsugua mpaka ngozi ikarudi. Kisha, kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine duniani, akachukua kamera. Alisimama mlangoni bila kuingia, akapiga picha ya ile pembe, akakaa nayo uani kwenye kompyuta, akaitoa rangi na kukoleza vivuli. Pinde zilikuwapo, za kushoto, na kamkato kake. Na chini, karibu na sakafu, upande wa mlango, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Shoto alikuwa na mazoea hayo. Akimaliza chumba alibonyeza gumba lake kwenye lipu mbichi, pembeni chini, asipoona mwenye nyumba. Lakini gumba hili lilikuwa refu. Mama Kidoti alihesabu pingili, akahesabu tena. Zilikuwa tatu. Wala halikuwa na ile mistari ya ngozi. Lilikuwa laini kama yai.

Akamshika bibi mkono, akampeleka hadi mlangoni, akachuchumaa naye.

"Mama, shika hapa. Hesabu."

Vidole vya bibi vilipapasa. Mara ya kwanza kwa furaha. Mara ya pili taratibu. Mara ya tatu vikajiondoa ukutani.

"Mwanangu nilimkata kucha mimi," alinong'ona. "Kila kidole chake nakijua. Huyu si wangu." Akajifuta vidole kwenye kanga. "Mwanangu, tumemkaribisha nani?"

Mganga waliyemwita alikuwa fundi redio. Watu humpelekea redio asubuhi na majini alasiri, na mwenyewe husema tofauti ni ndogo, vyote ni kelele zinazotafuta mahali pa kutokea. Alikuja na shati lililopigwa pasi na mfuko mmoja wa chumvi. Hakuuliza mengi. Alizunguka chumba akiweka sikio ukutani, hapa kidogo, pale kidogo, akirudi nyuma kila mara kama aliyeunguzwa.

"Hili ni jini la magofu," alisema kwa sauti ya chini walipokuwa uani. "Halina sura, halina mkono. Hukaa kwenye ukuta uliosahauliwa, likingoja mtu aliyepotelewa aje kuutazama sana. Atakachokitafuta ndicho litakachomwonyesha. Nani aliliita?"

"Mimi," alisema Mama Kidoti. "Nililiuliza, ni wewe?"

"Na nani aliliitikia humu ndani?"

Bibi aliinua mkono kama mtoto wa darasani.

Mganga alikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba lililobaki kusemwa hakulipenda. "Kule kiwandani mkono wa marehemu liliusoma moyoni mwako; humu linausoma ukutani. Chumba hiki alikipiga yeye, sivyo? Basi litaendelea kusoma mradi kuna cha kusoma. Picha zifutwe. Na lipu yote ibanduliwe, mpaka tofali."

"Ya kwake pia?" aliuliza Mama Kidoti. "Ile ya chini, yake mwenyewe?"

"Ya kwake hasa, dada."

"Hatuna kingine chake."

"Najua."

Mama Kidoti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliifuta picha ya kumi na saba, na ya pembe ile, na zote alizozipiga kwa ajili ya kumtafuta, moja baada ya moja, na kila kompyuta ilipomuuliza kama ana hakika, alijibu ndiyo. Kisha akaenda kuchukua nyundo na tindo kwenye sanduku la marehemu.

"Jikaze kisabuni, mkwe wangu," alisema bibi, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kibaya, kwa kukumbuka jini lenyewe limetoka wapi.

Walianza saa kumi alasiri. Mganga alinyunyiza chumvi kizingitini, akakaa hapo na Kidoti mapajani, akisoma maneno yake chini chini. Mama Kidoti alipiga tindo. Lipu ya juu ilibanduka kwa mapande makubwa, mbichi kwa ndani, ikinuka, na kila pande lilipoanguka ukuta ulizungumza, kwanza kwa kugonga, tik, tik, tik, halafu kwa sauti ya Shoto, ya upole, ya mtu aliyetoka kazini, ikisema Mama Kidoti nimechoka, niwekee maji, Mama Kidoti mbona unaniharibia, mimi nakujengea wewe, nakujengea pasipoingia kifo, na yeye akaendelea kupiga huku machozi na vumbi vikimfanyia tope usoni, akipiga hata pale sauti ilipogeuka kuwa kile kicheko alichokifanya Shoto siku waliyooana, akipiga hata alipoufikia ukuta wenyewe, lipu ya kweli, ngumu, kavu, ya miaka sita, yenye pinde alizozitazama zikipigwa huku mtoto mchanga akinyonya kifuani mwake, na hapo mkono ulimwishia nguvu akauacha.

"Siwezi," alisema.

Bibi aliinuka kwenye kiti. Alipita juu ya vifusi kwa kupapasa, akaitafuta pembe ya chini karibu na mlango, akachuchumaa. Vidole vyake vikalipata gumba lililokuwa chini ya lile jingine: fupi, pana, pingili mbili, na kakovu ka kisu cha utotoni. Alikaa nalo. Mganga aliacha kusoma.

"Mama," ukasema ukuta. "Mama, ni mimi."

"Hapana, baba," alisema bibi. "Mwanangu alianguka. Mwanangu yuko makaburini, nilimtilia udongo kwa mkono huu. Wewe ondoka, urudi kwenu. Hapa hakuna mtu unayemngoja, wala anayekungoja."

Akanyoosha mkono, Mama Kidoti akampa tindo na nyundo. Alipiga mara tatu kabla hajalenga. Ya nne ikaingia.

Upepo ulipita chumbani, baridi, ukazima harufu ya chokaa kama mtu anayezima taa. Dirisha likawa dirisha. Kidoti, mapajani mwa mganga, alijikuna mkono na kusema ana njaa.

Bibi alibaki amechuchumaa, unga wa lipu umejaa kiganjani. Akakifunga kiganja. Kisha ukamtoka mlio ambao Mama Kidoti hakuwahi kuusikia kwake, si siku ile ya ajali, si siku ya kuzika. Mlio mrefu wa mama aliyefiwa, ulioruka ukuta wa ua na kwenda hadi barabarani.

Jirani wa nyumba ya pili ndiye aliyefika kwanza, mikono ina povu la kufulia. "Jamani! Nani amefariki?"

"Mwanangu," alisema bibi.

Jirani alimtazama Mama Kidoti. Mazishini alikuwapo, na sufuria zake ndizo zilizopikia. Akavua ndala, akaingia, akakaa kwenye vifusi karibu na bibi akamzungushia mkono mabegani.

"Pole, mama yangu. Pole sana. Lini?"

"Leo," alisema bibi. "Leo mchana."

Wengine wakafuata, wawili, watano, mwenye duka, mwalimu wa Kidoti, na kila aliyeingia aliambiwa mlangoni kwa kunong'onezwa, akavua viatu, akatafuta tofali la kukalia. Mganga aliaga kwa kichwa, akaondoka na mfuko wake wa chumvi. Mtu akabandika chai. Mama Kidoti alimchukua binti yake, akakaa naye chini kati ya wanawake, na walipoanza kumwambia pole, zile pole alizoambiwa zamani zikapita pembeni ya masikio, safari hii alizipokea zote.